Kanisa Lililojengwa Sokoni

Mwezi huu tumeona vema kuandika habari za kanisa la Mkunazini katika mji wa Unguja. Huenda msomaji akauliza, "Sisi watu wa Majimoto, wenye mashamba ya mpunga katika bonde la Rukwa, tuna nini na kanisa la kisiwani? Wengi wetu hatujaiona bahari." Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu. Lakini kwanza hatuna budi kueleza neno lililotusukuma kushika kalamu.

Si zamani tulialikwa katika kikao cha posa, katika kijiji kimoja cha huku kwetu. Mahari ilikuwa imekwisha kupatana, na wazee wa pande mbili walikuwa wakicheka pamoja. Ndipo shangazi mmoja wa upande wa binti akamnong'oneza mwenziwe, lakini kwa sauti iliyosikiwa na wote, akasema, "Hawa tunawajua. Babu ya babu yao aliletwa huku na kongwa shingoni." Kicheko kikakatika. Kijana mposaji akainama akatazama mkeka. Baba yake mkubwa akasimama taratibu, akavaa kofia yake, akatoka nje wala hakuaga.

Nasi tulikuwapo, walimu wawili na mzee mmoja wa kanisa, na hatukusema neno. Tulitazamana tu. Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza tungalisema nini, na kila tukijiuliza, tunakumbuka kanisa hili la Unguja. Basi haya tunayoyaandika ndiyo tuliyopaswa kuyasema siku ile.

Kwanza tueleze kongwa, maana vijana hulitaja jina bila kukijua kitu chenyewe. Kongwa ni mti mzito wenye panda. Shingo ya mtu hutiwa katika ile panda, kisha hufungwa kwa mbele kwa kipande cha mti au cha chuma, asipate kujitoa. Mtu mwenye kongwa hawezi kukimbia porini, wala hawezi kulala ubavu. Katika karne ya kumi na tisa watu wengi walitembea hivyo miezi mingi, toka bara mpaka pwani.

Njia zao zilikuwa kadha wa kadha. Wengi wa waliouzwa Unguja walitoka pande za ziwa Nyasa, wakapitia Kilwa. Lakini walikuwako pia waliotoka Manyema na pande za ziwa letu la Tanganyika. Hao waliongozwa mpaka Unyanyembe, ulipo mji wa Tabora, wakapita Ugogo, wakashuka Bagamoyo, wakapakiwa katika majahazi. Misafara ilichukua pembe za ndovu na watu kwa pamoja, maana pembe zilihitaji mabega ya kuzichukua. Nchi hizi zetu, kati ya Rukwa na Tanganyika, zilikuwa karibu na njia hiyo. Ndiyo sababu wazee walizoea kukaa ndani ya maboma ya miti, na mwanamke hakwenda kisimani peke yake.

Tena tuseme kweli yote, si nusu yake. Tumezoea kusimulia kwamba wageni walikuja na bunduki, wakatukamata. Ni kweli, walikuja. Lakini wengi walikamatwa na watu wa rangi moja nao. Watemi walipigana wao kwa wao, wakawauza mateka wao. Rugaruga waliteka vijiji kwa faida yao wenyewe. Mwenye deni aliuzwa, mtu aliyesingiziwa uchawi aliuzwa, na wakati wa njaa mtoto aliwekwa rehani kwa vikapu vya nafaka, asikombolewe tena. Tukumbuke habari za Yusufu: wafanya biashara walimnunua, lakini waliomtia kisimani, na kumtoa, na kupokea fedha, walikuwa ndugu zake wa baba mmoja. Basi yule shangazi aliyesema, "Babu ya babu yao aliletwa na kongwa," angefanya vema kujiuliza ni mkono wa nani uliolifunga lile kongwa. Huenda ulikuwa mkono wa babu yake mwenyewe. Katika habari hii aibu si ya aliyefungwa.

Sasa twende Unguja. Kisiwa hicho kilikuwa chini ya Masultani waliotoka Oman. Seyyid Said alikifanya makao yake, na mashamba ya karafuu yakaenea Unguja na Pemba. Karafuu zilihitaji wachumaji, na wachumaji walinunuliwa. Wengine walipakiwa tena, wakapelekwa Arabuni na Uajemi. Mahali pa kuuzia watu hapakuwa pamoja siku zote, lakini katika miaka ya mwisho soko lilikuwa Mkunazini, upande wa nyuma wa mji. Watu walipangwa mistari, wanaume mbali na wanawake mbali, watoto mbele. Dalali alimshika mtu mkono, akamtembeza, akiita bei. Mnunuzi alitazama meno, akapapasa mikono, akamwamuru mtu kutembea ili aone kama ni mzima wa miguu. Dr. Livingstone alipofika sokoni hapo mwezi wa Machi mwaka wa 1866, aliona watu kama 300 wamewekwa wauzwe, na walio wengi walitoka pande za Nyasa na mto Shire.

Livingstone huyo ndiye chanzo cha misheni iliyojenga kanisa tunalolisimulia. Mwaka wa 1857 alisema na wanafunzi wa chuo kikuu cha Cambridge katika Uingereza, akawasihi waje Afrika. Misheni ikaundwa, ikaitwa Misheni ya Vyuo Vikuu, kwa kuwa watu wa vyuo ndio walioianzisha. Askofu wao wa kwanza, Mackenzie, alikwenda nchi ya mto Shire mwaka wa 1861. Kazi ile haikudumu. Vita na njaa na homa viliwamaliza, na askofu mwenyewe akafa Januari mwaka wa 1862, hata mwaka mmoja na nusu haujatimia tangu afike. Ndipo askofu wa pili, Tozer, pamoja na rafiki yake Dr. Edward Steere, walipoamua kuanza upya kutoka Unguja. Walifika huko mwisho wa Agosti mwaka wa 1864.

Mwaka ule ule Sultani Majid aliwapa watoto watano, wavulana waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Misheni ilianza na hao. Si wakuu, si wenye mali, bali watoto watano ambao jana yake walikuwa na bei. Waliongezeka wengine, waliotolewa katika majahazi yaliyokamatwa baharini na manowari za Waingereza. Wavulana walifundishwa Kiungani, nje ya mji. Wawili wa vijana wale wa mwanzo, John Swedi na George Farajallah, waliwekwa katika daraja ya chini ya utumishi wa kanisa mwaka wa 1870. Na Swedi akawa shemasi mwaka wa 1879.

Wakati huo soko la Mkunazini lilikuwa bado linafanya kazi. Mwezi wa Aprili mwaka wa 1872 tufani kubwa ilikipiga kisiwa, ikang'oa mikarafuu na kuvunja majahazi. Mwaka uliofuata Sir Bartle Frere, aliyetumwa na Waingereza, alimtaka Seyyid Barghash aizuie biashara ya watu. Seyyid alikataa, maana mali ya nchi yake na ya wakubwa wake ilikuwa katika biashara hiyo. Ndipo balozi John Kirk akapewa amri kumwambia kwamba manowari zitakizunguka kisiwa. Tarehe 5 Juni mwaka wa 1873 Seyyid Barghash alitia mkono wake katika mapatano. Kupeleka watumwa kwa njia ya bahari kukakatazwa, na masoko ya watu yakafungwa.

Hapo ndipo ilipoanza habari ya kanisa. Uwanja wa Mkunazini ulibaki mtupu. Kijana mmoja wa misheni, Padre Arthur West, alinunua kwa fedha zake sehemu ya uwanja, akaitoa iwe mali ya misheni. Sehemu nyingine ilitolewa na Jairam Senji, mfanya biashara Mhindi. Huyu hakuwa Mkristo, alikuwa Mbaniani. Tunaomba msomaji asipite hapa upesi. Kanisa hili, tangu udongo wake wa kwanza, lina sadaka ya mtu wa dini nyingine.

Dr. Steere hakungoja. Alijenga sokoni kibanda cha udongo, akahubiri humo kwa Kiswahili, na watu wa mjini waliingia kumsikiliza, wengine kwa kupenda, wengine kwa kutaka kubishana. Siku kuu ya kuzaliwa kwa Bwana, mwaka ule ule wa 1873, jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Tangu mapatano mpaka jiwe ilikuwa miezi sita na siku chache. Mtu aliyeuzwa mahali pale mwezi wa Mei aliweza kupita mwezi wa Desemba, akaona msingi ukichimbwa.

Mwaka wa 1874 Steere akafanywa askofu baada ya Tozer, ambaye afya yake ilikuwa imevunjika. Kazi ya kujenga aliiangalia mwenyewe. Mawe yalikuwa matumbawe, yaani mawe ya bahari, ambayo ndiyo mawe ya nyumba zote za Unguja. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma mawe hayo hayo. Kazi iliyowashangaza watu ni dari. Askofu hakutaka boriti za mikoko, ambazo haziwezi kuvuka upana wa kanisa kubwa. Akaazimu kufanya tao moja refu la vipande vya matumbawe na saruji, toka ukuta hata ukuta, bila nguzo ya kulishika katikati. Wako waliosema, "Litaanguka siku ile ile miti ya kulishikilia itakapoondolewa." Miti ikaondolewa, tao likasimama. Kabla mwaka wa 1880 haujaingia, watu walikuwa wakisali chini yake, na hata leo limesimama.

Iko hadithi ambayo wenyeji hupenda kuwasimulia wageni. Husemwa kwamba askofu alisafiri, akawaacha mafundi na nguzo kadha za kusimamisha karibu na birika la ubatizo. Mafundi hawakupata kuona nguzo za namna ile, wakazisimamisha kichwa chini miguu juu. Askofu aliporudi akazitazama, akaziacha vivyo hivyo. Kama ilikuwa hivyo hasa au sivyo, nguzo zipo, na chapa ya juu iko chini. Sisi walimu tunaipenda hadithi hii, kwa kuwa tunajua jinsi ilivyo vigumu kwa mwenye cheo kuiacha kazi ya mdogo wake isimame na kosa lake.

Saa ya mnara nayo husimuliwa kuwa ni zawadi ya Seyyid Barghash, yaani yule yule aliyetishwa kwa manowari mpaka akakubali kulifunga soko. Ikiwa ndivyo, basi Mhindu alitoa kiwanja, Mwislamu akatoa saa, na mafundi wa mjini wa kila namna wakatia mawe. Wakristo wanaopenda kusema, "Kanisa hili ni ushindi wetu juu ya wengine," na wakumbuke hayo.

Wakati kuta zilipokuwa zikipanda, kazi nyingine ilikuwa ikifanyika ambayo imetufikia sisi hata huku Majimoto. Askofu Steere alikuwa mtu wa lugha. Mwaka wa 1870 alitoa kitabu cha kufundisha Kiswahili kwa wageni, na mwaka huo huo kitabu cha hadithi za Waswahili, alizozipokea vinywani mwa watu wa Unguja. Misheni ilikuwa na mtambo wa kupigia chapa, na waliopanga herufi zake walikuwa vijana waliokombolewa. Steere na wenzake wenyeji walifasiri vitabu vya Maandiko kimoja baada ya kimoja. Alikufa mwezi wa Agosti mwaka wa 1882, akazikwa ndani ya kanisa, nyuma ya madhabahu. Biblia nzima katika Kiswahili ilitoka mwaka wa 1891. Baadaye zilikuja tafsiri nyingine, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Na tangu mwaka wa 1888 vijana na walimu wa misheni hiyo walikuwa na gazeti lao la Kiswahili, jina lake Msimulizi, wakiandikiana habari za vituo vyao. Kila mwalimu wa kijijini anayeandika makala kama hii anafuata nyayo zao, na wengi wa hao walikuwa watoto wa majahazi ya watumwa.

Basi hilo ndilo jibu letu la kwanza kwa yule aulizaye, "Tuna nini na Unguja?" Kiswahili kilichoandikwa, tunachokisoma kanisani kila Jumapili, kilipita katika mikono iliyokuwa imefungwa kamba. Anayewacheka watoto wa watumwa na afunge kitabu chake kwanza, maana wao ni miongoni mwa waliompatia.

Jibu la pili ni habari ya Livingstone. Alikufa tarehe 1 Mei mwaka wa 1873, katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Mapatano ya kulifunga soko yalitiwa mkono siku thelathini na tano baadaye, naye hakuyasikia. Watumishi wake, wakuu wao Chuma na Susi, walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua mpaka pwani. Walipita Ufipa wakaja Unyanyembe, maana yake walivuka nchi hizi zilizo jirani na sisi, wakiwa na mzigo ambao wenyeji wengi wangaliuogopa. Chuma mwenyewe alikuwa mtoto aliyekombolewa katika kongwa na wale wamisionari wa kwanza wa Shire, mwaka wa 1861. Na katika kanisa la Mkunazini uko msalaba uliochongwa katika mti ule wa Chitambo. Mti uliosimama juu ya moyo wake umekwenda kukaa mahali pale ambapo aliwaona watu 300 wakiuzwa.

Lakini tusidanganyike kwa kudhani kwamba soko lilipofungwa utumwa ulikwisha. Misafara ya nchi kavu iliendelea, hata Seyyid akaikataza kwa tangazo mwaka wa 1876, na baada ya tangazo bado watu waliuzwa kwa siri. Katika Unguja na Pemba sheria haikuacha kuutambua utumwa mpaka mwaka wa 1897. Hesabu, msomaji: toka mwaka wa 1873 hata 1897 ni miaka ishirini na minne. Muda wote huo kengele za kanisa zilisikiwa katika mji ambao watumwa walikuwa bado wakichota maji na kuchukua mizigo. Katika Tanganyika utumwa ulifutwa na sheria mwaka wa 1922. Mwaka huo si wa kale sana. Wako wazee wetu ambao baba zao walikuwa wamekwisha kuzaliwa.

Wala watu hawakuona kwamba kutoka katika utumwa ni kutoka katika taabu. Misheni ilinunua shamba Mbweni, nje ya mji, kuwaweka waliokombolewa. Walipewa nyumba na kazi na shule, lakini hawakuwa na ukoo, hawakuwa na mjomba wa kuwasemea, wala makaburi ya babu zao. Wengine walitamani kurudi bara, na mwaka wa 1876 Askofu Steere aliongoza kundi lao kuelekea Nyasa, nao wakakaa Masasi, na mji ukaota hapo. Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utotoni, akawa padre mwaka wa 1890, Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupata daraja hiyo, akatumika katika nchi za Wayao karibu na Ruvuma. Yeye aliyetolewa kwao amefungwa alirudi kwao akiwa amechukua kitabu.

Na wamisionari nao wasisifiwe kupita kiasi. Walikuwa watu, wengine wenye ukali na wenye kudharau, na nchi yao, iliyofunga soko la watu, baadaye ilijitwalia nchi zetu bila kutuuliza. Lakini kanisa lililojengwa mahali kama pale lilikuwa na haki ya kuwakumbusha hata wao. Frank Weston, aliyekuwa Askofu wa Unguja tangu mwaka wa 1908 hata alipokufa mwaka wa 1924, aliandika kitabu mwaka wa 1920 kuwakemea Waingereza wenzake kwa kazi ya lazima waliyotaka kuwafanyisha Waafrika katika nchi ya Kenya. Aliona kwamba mnyororo ni mnyororo, hata ukiitwa kwa jina jingine.

Leo kanisa la Mkunazini ni kanisa kuu la Dayosisi ya Zanzibar ya Kanisa Anglikana la Tanzania. Mji Mkongwe unaolizunguka uliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2000. Wageni wa nchi nyingi huja kila siku. Uani pana shimo lililojengwa, na ndani yake sanamu za watu, wamefungwa mnyororo shingoni, nyuso zao zimetulia kama za watu waliokwisha kulia. Ilifanywa na mwanamke wa Sweden, Clara Sörnäs, mwaka wa 1998.

Hapa tuna neno la kusema kama walimu wa historia. Karibu na kanisa huonyeshwa vyumba vya chini ya ardhi, vyenye dari fupi na giza, na wageni huambiwa kwamba humo watumwa walifungiwa kungoja soko. Lakini wanahistoria wameonyesha kwamba jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na misheni kwa kazi ya uuguzi, soko likiwa limekwisha kufungwa miaka mingi. Vivyo hivyo husemwa kwamba madhabahu imesimama hasa pale palipokuwa na mti wa kuwachapia watumwa. Hayo ni mapokeo, na twayataja kuwa mapokeo. Mtu mwingine atasema, "Mnayataja kwa nini? Je, hamuoni kwamba mnaupunguza ubaya wa jambo?" Hatuupunguzi. Soko lilikuwapo, mahali ni pale, na walioshuhudia waliandika. Ubaya wa kweli hauhitaji kuongezewa kitu. Bali ukiongezea la uongo, siku uongo utakapofunuliwa, mpinzani atalikana hata la kweli.

Na kuna hatari nyingine. Historia ikisimuliwa kwa kutia chumvi, huwa silaha. Mkristo humwambia jirani yake Mwislamu, "Ninyi mliuza watu." Mwislamu hujibu, "Nanyi Wazungu wenu walifanya zaidi ng'ambo ya Atlantiki." Wote wawili huwa wanazungumza habari za wengine, na kila mmoja husahau mtemi wake, na babu yake, na njaa ya mwaka ule. Huku kwetu wanakaa Wapimbwe, Wafipa, Wakonongo na Wasukuma pamoja. Tukianza kuulizana babu ya nani alimfunga babu ya nani, hatutapata mtu wa kusaidiana naye kuvuna.

Turudi katika kile kikao cha posa. Yule mzee aliyetoka nje hakurudi siku ile. Kijana alibaki ameketi kitambo, kisha akawaamkia wazee wote mmoja mmoja, hata yule shangazi, akamfuata baba yake mkubwa. Mpaka tunapoandika haya posa imesimama. Haikuvunjika wala haikuendelea. Binti amesema hataki mwingine.

Wazee wa kanisa wamekwenda mara mbili. Mara ya kwanza mzee hakusema neno ila kuwapa maji. Mara ya pili alisema, "Mimi sikukasirika kwa kuwa amesema uongo. Babu yangu alikuwa amefungwa kweli. Nilikasirika kwa kuwa ninyi mlionyamaza mlikuwa wengi kuliko yule aliyesema." Neno hilo limetuchoma, wala hatuna la kujitetea. Sokoni Mkunazini dalali alikuwa mmoja na wanunuzi wachache. Waliopita wakatazama pembeni ndio waliokuwa wengi.

Basi ndugu zetu, mama zetu, vijana wetu, tunatoa neno hili. Mtu akikuambia kwamba babu yako alifungwa kongwa, usiiname. Mjibu, "Ndiyo, alifungwa, akatembea, hakufa, nami nimezaliwa." Na ukiwa wewe ndiwe unayejua siri ya ukoo wa jirani, ishike kama unavyoshika amana ya mwenzako. Na ukiwa umeketi kikaoni, nawe hukusemwa wala hukusema, usiitazame mikeka kama sisi. Fungua kinywa chako upesi, kabla mzee hajavaa kofia yake.

Mwaka wa 1873 watu wa Unguja walikuwa na uwanja mtupu na uchungu mwingi. Wangaliweza kuuacha uote magugu, ama kujenga juu yake maduka, watu wasahau. Walichagua kujenga mahali pa kuita majina ya watu katika ubatizo, pale pale palipoitwa bei zao. Sisi hatuna saruji wala matumbawe, lakini kila kikao cha posa, na kila baraza la kijiji, na kila uwanja wa shule yaweza kuwa soko la watu au kanisa, kwa kadiri ya neno linalosemwa hapo. Jumapili ijayo tutakwenda mara ya tatu kwa yule mzee, na safari hii tutakwenda sote tuliokuwapo. Yule shangazi ameomba kufuatana nasi. Tuombeeni.